Glavu Yenye Mdomo

Hakuna mtu katika mji wa Kessler Falls, ng'ambo zote mbili za mto, anayejua kumtambua mrushaji chipukizi kunishinda mimi, Verna Hruska. Nikimtazama kijana akirusha mpira mara tatu tu, nakuambia kama atafika ligi kuu ya besiboli au atarudi kwao kuuza matrekta. Sikosei. Na msimu uliotangulia huu ninaousimulia nilimaliza wa nane, katika ligi ya watu wanane.

Haya. Nimejiumbua mwenyewe kabla Orville hajaniumbua, sasa tuendelee.

Ligi yetu ni ya mezani. Kila mmoja huchagua wachezaji wa kweli, wale wa kwenye televisheni, akawaita timu yake. Wao wanacheza huko waliko bila kujua kwamba sisi tumewagawana kama nyama ya arusi. Sisi tunakaa katika baa ya Bo Pechacek kila Jumamosi mchana na kuhesabu waliyoyafanya. Mrushaji wako akimrudisha mpigaji benchi mikono mitupu, yaani amepunga gongo akapiga hewa hadi akafukuzwa, wewe unapata pointi moja. Akifungwa mkimbio, yaani mpinzani akizunguka vituo vyote akarudi alikoanzia, unakatwa moja. Ni rahisi hivyo, na kwa ajili ya urahisi huo nimeona wazee wenye wajukuu wakinuniana kuanzia Pasaka hadi mavuno ya mahindi.

Aliyeianzisha ni marehemu mume wangu, Emil. Aliandika kanuni kumi na mbili katika daftari la jalada jekundu, kwa mwandiko unaofanana na nyayo za kuku, na daftari hilo Bo hulitunza chini ya kaunta pamoja na rungu la kutishia walevi. Emil alipofariki nilirithi vitu vitatu: trekta isiyowaka, mbwa asiyetii, na timu yake iitwayo Mabata. Trekta niliiuza. Mbwa akamfuata bwana wake. Ikabaki timu, na kiti cha Emil pale mezani, karibu na dirisha, kiti ambacho mguu mmoja ni mfupi na hukanyagishwa kipande cha boksi.

Nitasema jambo moja kwa haraka kwa sababu sipendi kulisema. Nyumbani kwangu, kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, kuna mimi na redio. Jumamosi kuna watu.

Sasa kanuni ya tisa inasema hivi: anayeshika mkia miaka miwili mfululizo aondoke mezani, ampishe mwingine. Emil aliitunga akimlenga binamu yake, Orville Stastny. Lakini Orville hakushika mkia hata mara moja, na kanuni ikakaa hapo kama mtego wa panya uliosahauliwa nyuma ya kabati, ikamngoja mjane wa aliyeutega.

Orville alifundisha hesabu miaka thelathini na minane, na hadi leo akiinua kidole watu wazima hunyamaza. Huja mezani na kompyuta. Huifungua polepole, kama padri anavyofungua Injili.

"Shemeji," aliniambia Machi ile, siku ya kugawana wachezaji, "mwaka huu chagua kwa akili. Mwaka jana ulimchagua mtu kwa sababu ya masharubu."

"Yalikuwa masharubu mazuri."

"Alivunjika goti Aprili!"

"Masharubu hayakuvunjika."

Meza ikacheka, Orville akavuta miwani hadi ncha ya pua. "Mkwe wangu Preston anaomba nafasi, wote mnajua. Namba anazielewa. Sisemi shemeji atolewe. Nasema tu, Preston yuko tayari."

"Hata jeneza dukani liko tayari, Orville. Mtu haendi kulilalia."

"Chagueni," alisema Bo kutoka kaunta, "bia inapata moto."

Nikachagua kwa akili, kama nilivyoagizwa. Ilipofika Juni, warushaji wangu watatu walikuwa na mikono iliyofungwa bandeji, na mpigaji wangu mkubwa alikuwa amejitegua mgongo akifunga kamba za viatu. Siongezi chumvi, ilitangazwa. Mabata walikuwa wa nane tena, na wa saba, Milo kinyozi, alikuwa mbali kiasi kwamba ningehitaji darubini.

Nilibakiwa na kitu kimoja: yai. Kila timu ina yai lake, mchezaji mmoja ambaye bado hajafika ligi kuu. Emil ndiye aliyeliita hivyo, kwa sababu hujui kama litatoa kifaranga au litanuka. Yai lisipopanda ligi kuu halikupi hata pointi moja. Likipanda, kila linalofanya huko ni lako. Na unaruhusiwa kulibadilisha mara moja tu, mwisho tarehe nne Julai.

Kwa hiyo Juni yote nilikuwa mwindaji wa mayai.

Mji wetu una timu yake, Makorongo, ngazi moja chini ya ligi kuu. Wachezaji ni vijana waliotoka mbali, na miaka ile walikuwa wakilala majumbani mwetu. Kila mtaa ulikuwa na mpigaji wake anayemaliza maziwa kwenye friji. Kwa Orville na mkewe Adela alikaa mrushaji aitwaye Lyle Tackett, wa milimani Kentucky, miaka ishirini na mbili, mrefu kama ngazi, anayesema "naam, bibi" hata ukimuuliza saa. Kwa kanuni ya nne, anayemlaza mchezaji haruhusiwi kumchagua. Orville hakulia kwa hilo.

"Kijana mzuri," alituambia mezani, akigeuza kompyuta tuone. "Sahani anaosha mwenyewe. Lakini kama mrushaji, hapana. Tazameni. Kasi, maili tisini na sita. Safi sana. Mpira wake wa polepole, ule wa kuhadaa, unadondoka kuliko wa mtu yeyote katika ligi yao. Safi sana. Na bado anafungwa mikimbio sita kila mechi! Wapigaji hawadanganyiki naye. Hawarukii chambo."

"Kwa nini hawarukii?" niliuliza.

"Namba hazisemi kwa nini, shemeji. Zinasema kiasi gani."

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo. Mtu akipika chakula kizuri, kinanukia, na bado sahani zinarudi jikoni hazijaguswa, mimi siangalii namba za chumvi. Natafuta inzi.

Jumatano mchana tukaenda uwanjani, mimi na Adela, na mfuko wa mbegu za alizeti. Tuna mchezo wetu sisi wawili, mchezo wa wanawake wazee wasio na kazi: mrushaji akijiandaa, mmoja anabashiri atakachorusha. Ukipata, unakula mbegu ya mwenzako. Mpira wa kasi tunauita treni. Wa polepole tunauita baiskeli, kwa sababu mrushaji hodari huurusha kwa mkono uleule wa haraka, mpigaji anajiandaa kuipiga treni, inakuja baiskeli, naye anapiga hewa, watu wanacheka.

Lyle akapanda kwenye kilima chake cha kurushia.

"Treni," nikasema. Ikawa treni.

"Treni." Treni.

"Baiskeli." Baiskeli. Na mpigaji wa wageni aliingojea kwa utulivu, kama anayemngoja mkewe atoke kanisani, akaipeleka hadi kwenye ubao wa matangazo ya mbolea.

"Baiskeli tena," nikasema. "Sasa treni. Treni. Baiskeli."

Nilipofikisha kumi na moja bila kukosea, Adela akafunga mfuko wa mbegu. "Verna. Umeongea na mdakaji wao, yule anayempa ishara za kurusha?"

"Sijaongea na mtu."

"Basi umeongea na shetani, na mbegu zangu zimekwisha."

Nitakuambia wewe nisichomwambia Adela siku ile. Nilimaliza darasa la nane nikaingia kiwanda cha glavu, ule upande wa pili wa mto, na kwa miaka ishirini na saba nilikaa meza ya kupitisha kamba. Glavu ya besiboli ni ngozi na kamba. Kamba ikilegea, ngozi inafanya inavyotaka. Watu uwanjani hutazama mpira. Mimi siwezi. Macho yangu huenda kwenye glavu yenyewe, kama fundi viatu anavyomtazama mtu kuanzia chini.

Na glavu ya Lyle ilikuwa imelegea kamba ya kisigino, ile ya chini ya kiganja. Alipotaka kurusha treni, vidole vyake vilishika mpira juu juu na glavu ikatulia. Alipotaka baiskeli, ilimbidi auchimbe mpira ndani ya kiganja, na kila alipochimba, glavu ilifunguka pembeni, upana wa vidole viwili. Ilifunguka kama mlango wa jirani mmbea. Ikiwa bibi wa miaka sabini na minane mwenye mtoto wa jicho anaona, kijana aliyekaa benchi ya wageni na hana kazi nyingine haoni?

Namba za Orville zilikuwa kweli tupu. Kasi ilikuwepo, kudondoka kulikuwepo. Kilichokosekana ni siri. Mrushaji mbovu huwezi kumtengeneza. Mrushaji mzuri anayeropoka anahitaji tu mtu wa kumfunga mdomo. Hili ndilo yai, nikajiambia. Hili halinuki. Hili limeatamiwa na kuku asiyejua kuatamia.

Tarehe nne Julai nikasimama mezani, gwaride la sikukuu ya uhuru likipita nje na tarumbeta zake.

"Mabata wanabadilisha yai. Andika Lyle Tackett."

Bo aliacha kufuta glasi. Milo kinyozi alikohoa bia. Orville alivua miwani kabisa.

"Shemeji. Nimekuonyesha namba kwa mikono yangu miwili."

"Nimeziona."

"Huyu hata masharubu hana!"

"Nimemwambia afuge," nikasema, na Bo akaandika.

Sasa sikiliza kanuni ya sita, maana ndiyo iliyonikaba koo kuanzia siku hiyo. Inasema: mwanachama asiguse kifaa cha mchezaji wa timu yake, wala asimfundishe mchezo, akifanya hivyo, pointi zote za mchezaji huyo zifutwe. Haina jina la mtu, lakini kila mtu mezani anajua ni jina la nani. Mwaka wa kwanza wa ligi, wachezaji watatu wa Emil walipita hapa mjini, na mtu fulani alizikaza glavu zao kwa hisani tu, na Emil akachukua ubingwa, na pakawa na maneno. Emil mwenyewe ndiye aliyeandika kanuni ile. Usiku ule nilimpa supu baridi.

Kwa hiyo nilinyamaza. Nikasema makocha wataona, ndiyo kazi yao. Lakini makocha siku hizi wanatazama skrini zinazoonyesha kasi na mzunguko wa mpira, na glavu haina skrini. Lyle akarusha mara mbili nyingine, akapigwa mara mbili nyingine. Mimi nikala mbegu za Adela na kunyamaza.

Hadi Jumatatu moja asubuhi Adela alipoingia jikoni kwangu bila kubisha.

"Wamempa mechi moja," alisema. "Moja. Asipofanya vizuri Alhamisi, wanamwachia aende zake. Amekwisha kuanza kukunja nguo. Verna, jana nimeoka kolache, vile vimkate vyangu vitamu vya plamu, sinia zima, na kijana hakugusa hata moja."

Nikaketi. Kijana wa besiboli asiyegusa kolache ya Adela huyo ni wa kuitiwa padri.

"Orville anasemaje?"

"Orville? Amekaa na ile kompyuta tangu alfajiri. Anatafuta namba moja nzuri ya kumwambia. Moja tu. Nimemsikia akiitukana mashine."

Hilo sikulitegemea. Nilitazama dirishani kidogo. Ukiniuliza leo kama nilifanya kwa ajili ya kijana au kwa ajili ya kiti, nitakujibu kwa ajili ya kijana, na nitakuwa nimedanganya kwa kiasi fulani. Lakini hesabu haikuwa ngumu hata kwa mtu wa darasa la nane. Nikigusa glavu na ikajulikana, pointi zinafutwa, nimeshika mkia, kiti kimekwenda. Nisipoigusa, Lyle anapanda basi la Kentucky, hana pointi za kunipa, nimeshika mkia, kiti kimekwenda. Tofauti ni moja: katika njia ile ya kwanza, kuna mtu mmoja anayebaki na kazi yake.

"Mlete ale hapa," nikasema. "Na aje na glavu yake."

"Verna..." Adela alianza. Kisha akanitazama, akafunga mdomo, akatoka. Ndiyo maana ni rafiki yangu.

Lyle alikuja na glavu kwapani, akainama kupita mlango. Nikamkalisha, nikamwekea mayai na soseji, nikachukua glavu nikaigeuza. Ngozi nzuri. Kamba ya kisigino imechoka kama mimi.

"Bibi, naomba samahani," alisema, "Mama Adela amesema unataka kuniona, lakini mimi nadhani naondoka wiki hii."

"Kula. Nani amekwambia ufikiri?"

"Naam, bibi."

"Rusha mpira wa kasi. Hapohapo ulipo. Usiurushe kweli, kuna vyombo. Shika tu kama unataka kurusha."

Nikamrudishia glavu, akatoa mpira mfukoni, akashika.

"Sasa wa polepole."

Akachimba mpira kiganjani. Glavu ikafunguka.

"Jitazame kwenye kioo cha dirisha," nikasema. "Fanya tena vyote viwili."

Akafanya. Akafanya mara ya pili, mara ya tatu. Uso wake ulibadilika rangi, ukawa mwekundu, kisha mweupe, na hatimaye ukawa uso wa mtu aliyetembea mjini siku nzima na kugundua jioni kwamba suruali yake ilikuwa imepasuka nyuma.

"Glavu yako ina mdomo, mwanangu. Inawaambia kabla hujarusha."

"Msimu mzima?" alisema kwa sauti ndogo.

"Kula mayai, yanapoa."

Alikula. Alikula mayai sita. Mimi nikatafuta kamba na sikuwa nayo, kiwanda kilifungwa zamani. Kwa hiyo nikafungua droo ya Emil, nikaitoa glavu yake ya zamani, nikachomoa kamba yake nyekundu, ile aliyoipenda kwa sababu ilifanana na daftari lake. Nikaipitisha kwenye kisigino cha glavu ya Lyle, nikaikaza kwa fundo la meza yangu, fundo ambalo kiwandani walikuwa wananiita kulifungua wenyewe wakishindwa. Nikamwambia kila mara aanze kwa kuuchimba mpira kiganjani, hata akitaka treni. Kubadilisha abadilishe humo ndani, gizani, mlango ukiwa umefungwa.

"Na mtu akikuuliza," nikasema, "mimi hujaniona."

"Kwa nini, bibi?"

"Nina haya."

"Naam, bibi," alisema, kwa moyo mweupe kabisa. Hapo ndipo nilipokosea. Uongo humpi mtu aliyelelewa na mama mcha Mungu. Ni kama kumpa mbuzi barua apeleke.

Alhamisi ile wageni walikuja wamejiandaa kula. Lyle akawarudisha kumi benchi mikono mitupu. Mtu wao mmoja alipunga gongo kwenye baiskeli kwa nguvu hadi akakaa chini. Mechi iliyofuata, kumi na mmoja. Mwisho wa Agosti simu ikapigwa kutoka juu, na Adela akalia, akafunga kolache ishirini na nne kwenye boksi la viatu, na Lyle akaenda ligi kuu.

Jumamosi yake Orville alikaa mezani bila kufungua kompyuta.

"Sielewi," alisema. "Kasi ni ileile. Kudondoka ni kulekule. Kitu gani kimebadilika?"

Bo alinitazama moja kwa moja, rafiki yule asiye na aibu. "Kabla hatujaendelea, nauliza, kwa ajili ya daftari. Kuna mtu hapa aliyegusa kitu cha yule kijana?"

"Mimi?" nikasema, ingawa hakuna aliyenitaja. Nikainua vidole vyangu. "Na baridi yabisi hii? Siwezi kufunga hata gauni."

Orville alivitazama vidole vyangu muda mrefu kidogo. Kisha akasema hali ya hewa inabadilika.

Mabata wakaanza kupanda. Kwa mrushaji mmoja tu, kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mmoja. Jumapili ya mwisho wa msimu ikafika, na Milo kinyozi, wa saba, alikuwa amenizidi pointi nane na wachezaji wake wote walikuwa wamekwisha kucheza. Mechi ya Lyle ilikuwa saa saba mchana. Nilihitaji tisa.

Baa ilijaa. Hata Preston, mkwe wa Orville, alikuja, na alikuja na mto wake wa kukalia. Nasema kweli, mto wa bluu wenye kitambaa cha mistari, akauweka magotini akiutazama mguu mfupi wa kiti changu.

"Kiti hiki kinahitaji kurekebishwa," aliniambia kwa adabu.

"Kimekaliwa, kijana."

Mpigaji wa kwanza wa siku akaupiga mpira wa Lyle akafika kituoni, wa pili akaupeleka mbali, mkimbio ukaingia. Nikakatwa moja. Nilihitaji kumi.

"Namba zinarudi mahali pake," alisema Preston, akitazama simu yake. "Baba mkwe, wastani wa mechi zake ni saba nukta nne. Uwezekano wa kumi ni mdogo sana. Na ile hesabu yako ya juzi uliikosea, nimeirekebisha."

"Umeirekebisha," alisema Orville.

"Ulisahau kugawanya."

Nimemjua Orville miaka hamsini na tano, na sijawahi kuona mtu akimeza bia kwa uchungu hivyo.

Lyle akatulia. Mmoja. Wawili mfululizo. Nilikuwa nahesabu kwa mbegu za alizeti juu ya meza, Adela akizisogeza. Watano. Wa sita alibishana na refa, haikumsaidia. Wanane. Wa tisa akapiga baiskeli hewa na gongo likamtoka mkononi. Kocha akatoka nje akaenda kuzungumza na Lyle, na mimi nikasema maneno kuhusu kocha yule ambayo sitayaandika.

"Mwache!" aliyepiga kelele alikuwa Orville. Amesimama. "Mwache kijana amalizie, pumbavu wewe!"

Kocha akarudi benchi. Treni. Treni. Lyle akaweka glavu kifuani, imefungwa kama mdomo wa jiwe, haisemi kitu kwa mtu yeyote duniani, na ikatoka baiskeli, tamu, mpigaji akaikosa kwa mita nzima.

Kumi.

Adela alinikumbatia hadi mbegu zikamwagika. Milo kinyozi, aliyekuwa ameshika mkia dakika hiyohiyo, aliniagizia bia, maana yeye ulikuwa mkia wake wa kwanza. Preston alikuwa akikunja mto wake. Nikakaa kwenye kiti cha Emil, nikakikanyagia boksi lake, nikatazama dirishani ili watu wasinione uso.

Na hapo, kwenye televisheni, mwanamke mwenye kipaza sauti akamuuliza Lyle Tackett: Julai ulikuwa karibu kuachwa, leo hakuna anayeweza kukugusa, nini kilibadilika?

Lyle akatabasamu na meno yake yote ya Kentucky. "Kuna bibi mmoja kule Kessler Falls," alisema. "Alinipikia mayai, akaniambia glavu yangu ina mdomo. Akaikaza kwa mkono wake mwenyewe. Alisema nisimtaje kwa sababu ana haya, kwa hiyo simtaji." Akainua glavu, kamera ikasogea, na kamba nyekundu ya Emil ikajaa skrini yote ya baa ya Bo Pechacek, pamoja na fundo.

Bo akainama polepole chini ya kaunta. Nilitumaini anatafuta rungu. Aliibuka na daftari jekundu, akalamba kidole, akafungua ukurasa wa kanuni ya sita. Preston akaacha kukunja mto.

"Verna," alisema Bo, kwa upole ulioniumiza kuliko kelele.

Nikaweka bia chini, nikaanza kusimama.

"Ni Adela," alisema Orville.

Tukageuka sote. Alikuwa bado amesimama, ameinua kidole kile cha darasani, na masikio yake yalikuwa yameiva kama nyanya.

"Bibi anayesemwa ni mke wangu Adela. Kijana alikuwa anakaa kwetu, au sivyo? Mayai ni ya Adela. Glavu aliikaza Adela. Nimemwona kwa macho yangu, mezani kwetu, kwa sindano na uzi. Adela si mwanachama. Kanuni haimhusu. Funga daftari, Bo."

Bo akamtazama Orville. Kisha akamtazama Adela, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni akiokota mbegu za alizeti na hakuwa amesikia vizuri mwanzo wa mambo.

"Adela, ni wewe uliyeishona ile glavu?"

"Mimi?" alisema Adela, akicheka. "Jamani, hebu mwangalieni Orville. Hata vifungo vya shati alilovaa amevishona Verna."